Vipimo vya Siliaki Vikitoka Safi, Je, Ngano Iachwe?

Siliaki ni ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia utumbo mdogo wa mtu mwenyewe kila anapokula gluteni, protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai. Gluteni ndiyo inayofanya donge la chapati livutike bila kukatika. Unga wa mahindi au wa ulezi hauvutiki hivyo kwa sababu hauna protini hiyo. Kwa mgonjwa wa siliaki, vijinyama vidogo vilivyojipanga ndani ya utumbo kwa ajili ya kufyonza chakula huvimba, husinyaa na mwishowe huwa bapa. Chakula hupita bila kufyonzwa vizuri, na mtu huharisha, tumbo hujaa gesi, hupungua uzito na kuishiwa damu. Mtoto anaweza kudumaa. Wengine hawana shida ya tumbo kabisa, ila mifupa hudhoofika au damu hupungua na kubaki hivyo hata wakitumia vidonge vya madini ya chuma.

Aliyeonyesha kwamba ngano ndiyo chanzo ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke. Alikuwa ameanza kuishuku ngano tangu miaka ya 1930. Katika majira ya baridi ya mwaka 1944 na 1945, vita vilipokata chakula nchini mwake na mkate ukaadimika, watoto wenye siliaki walipata nafuu. Mkate uliporudi, nao wakaugua tena. Alieleza utafiti wake katika tasnifu ya mwaka 1950. Hadi leo tiba ya siliaki ni ileile: kuacha gluteni maisha yote.

Duniani ugonjwa huu hukadiriwa kumpata mtu mmoja katika kila mia. Barani Afrika umechunguzwa zaidi kaskazini, na utafiti uliochapishwa mwaka 1999 uliukuta kwa zaidi ya watoto 5 katika kila 100 wa jamii ya Wasahrawi wa Sahara Magharibi. Kusini mwa Sahara taarifa ni chache. Hata hivyo, wanaopima na kuambiwa hawana siliaki huku tumbo likiendelea kuwasumbua wapo kila mahali, na swali lao huwa moja: je, waache ngano hata hivyo, waone kitakachotokea? Jibu hutegemea mambo matatu: vipimo vilifanyika katika hali gani, ni maradhi gani mengine yameshaondolewa, na jaribio lenyewe litaendeshwaje.

Majibu hasi yana maana gani

Uchunguzi wa siliaki huanza na damu. Maabara hutafuta kingamwili ambazo mwili wa mgonjwa hutengeneza dhidi ya kimeng'enya cha utumbo kiitwacho transiglutaminasi. Kingamwili hizo ni za kundi la IgA. Zikionekana, mtu mzima kwa kawaida hupelekwa kwenye kipimo cha kamera, ambapo daktari hupitisha mpira mwembamba mdomoni hadi mwanzo wa utumbo mdogo na kuchukua vipande vidogo vya nyama, walau vinne, vikaangaliwe kwa hadubini. Kipimo hicho ni kazi ya hospitali kubwa za rufaa, kama zile za Mbeya na Dar es Salaam.

Vipimo hivi ni vizuri, lakini vina sharti ambalo wengi hawaambiwi: mtu lazima awe anakula gluteni wakati anapopimwa. Kingamwili huzalishwa kwa sababu gluteni ipo. Ikikosekana kwa miezi kadhaa, kingamwili hushuka, utumbo huanza kupona, na majibu hutoka safi hata kama ugonjwa upo.

Katika kata ya Masukulu mkoani Mbeya, na Wilaya ya Rungwe kwa jumla, sharti hilo lina uzito wa pekee. Chakula cha huko hakijengwi juu ya ngano. Mvua za Rungwe ni nyingi mno kwa zao hilo. Ngano ya Nyanda za Juu Kusini hulimwa zaidi kwenye baridi ya Makete na safu za Uporoto, na sehemu kubwa ya ngano inayoliwa Tanzania hutoka nje ya nchi. Masukulu mtu hula ndizi za kupika, viazi, magimbi, ugali, makande na wali wa mchele wa Kyela. Ngano huja kama andazi la asubuhi, chapati ya Jumapili au mkate wa dukani mgeni anapofika. Mtu anayekula chapati mbili kwa wiki akapimwa siliaki na kuambiwa hana, huenda kweli hana. Huenda pia kipimo hakikuwa na cha kuona.

Kwa sababu hiyo, swali la kwanza baada ya majibu hasi si la jikoni. Ni kuuliza kama ngano ilikuwa ikiliwa kila siku kabla ya kipimo. Kama haikuwa, daktari anaweza kushauri mtu aile kila siku kwa wiki mbili hadi nane kisha apimwe upya. Kiasi kinachotajwa katika miongozo ya kitabibu ni walau gramu 3 za gluteni kwa siku. Kwa kuwa takriban sehemu moja katika kumi ya unga wa ngano ni gluteni, chapati moja ya kawaida au vipande viwili vya mkate hutosha.

Swali la pili ni kama kiwango chote cha IgA kilipimwa. Wapo watu wachache ambao miili yao haitengenezi IgA ya kutosha. Kwao, kipimo kinachotafuta IgA kitatoka hasi hata wakiwa wagonjwa, hivyo huhitaji kipimo cha kundi jingine la kingamwili, IgG. Swali la tatu linahusu dawa: zinazopunguza nguvu ya kinga, kama prednisoloni, zinaweza kuficha dalili za ugonjwa katika damu na hata katika utumbo.

Kipo pia kipimo kisichojali mtu amekula nini, nacho ni cha vinasaba. Karibu wagonjwa wote wa siliaki hubeba kimoja kati ya vinasaba viwili, HLA-DQ2 na HLA-DQ8. Asiye na chochote kati ya hivyo anaweza kuhesabu kwamba siliaki si yake. Kuwa navyo, kwa upande mwingine, hakuthibitishi ugonjwa, kwani watu wengi wenye afya wanavyo na hawataugua kamwe.

Yanayofanana na siliaki

Siliaki ikishaondolewa ipasavyo, bado ngano inaweza kumdhuru mtu kwa njia nyingine. Ya kwanza ni mzio wa ngano. Huu huja haraka, dakika chache hadi saa chache baada ya kula: midomo kuvimba, ngozi kutoka vipele vinavyowasha, kutapika, kifua kubana. Wengine hupatwa pale tu wanapokula ngano kisha wakafanya kazi nzito, kama kulima au kukimbia. Mzio unaweza kuua, na mwenye dalili hizo hapaswi kufanya jaribio lolote nyumbani kabla ya kumwona daktari.

Ya pili ni hali ambayo madaktari huiita usikivu wa gluteni usio wa siliaki. Mtu hupata gesi, maumivu ya tumbo, kuharisha, uchovu au kichwa kizito saa au siku chache baada ya kula ngano, ingawa utumbo wake hauna jeraha na damu yake haina kingamwili za siliaki. Hakuna kipimo cha maabara kinachoithibitisha. Hujulikana kwa kuacha ngano, kupata nafuu, kisha kuirudia na kuugua tena.

Jina la hali hiyo linaitaja gluteni, lakini uchunguzi wa miaka ya karibuni umetia shaka kama gluteni ndiyo mkosaji. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, waliwachukua watu 37 walioamini gluteni inawadhuru. Kwanza waliwapa chakula chenye kiasi kidogo cha sukari zile zinazochachuka tumboni, na karibu wote wakapata nafuu. Baadaye walirudishiwa gluteni bila kujua ni siku zipi, na ni wachache mno walioonyesha kwamba yenyewe ndiyo iliyowaumiza. Mwaka 2018 watafiti wa Norway waliwapa watu 59 vitafunio vya aina tatu vilivyofanana: vyenye gluteni, vyenye fruktani, na visivyo na chochote kati ya hivyo. Waliopata dalili kali zaidi kwa fruktani walikuwa 24, kwa vile visivyo na kitu 22, na kwa gluteni 13.

Fruktani ni sukari zilizoungana kama mnyororo, zilizomo katika ngano na vilevile katika kitunguu maji na kitunguu saumu. Utumbo mdogo wa binadamu hauwezi kuzimeng'enya. Hushuka hadi utumbo mpana, ambako bakteria huzichachua na kutoa gesi. Maharage yana sukari za tabia hiyohiyo. Kwa hiyo, mtu wa Rungwe anayejaa tumbo baada ya chapati na maharage yaliyoungwa kwa kitunguu ana washukiwa watatu kwenye sahani moja, na mafuta ya kukaangia ni wa nne.

Mshukiwa mwingine yumo kikombeni. Rungwe ni wilaya ya ng'ombe wa maziwa, na chai ya maziwa huandamana na andazi la asubuhi. Watu wazima wengi wa Afrika hawana tena kimeng'enya cha kutosha cha kuvunja laktosi, sukari ya maziwa. Wakinywa maziwa mengi, tumbo huunguruma na choo hulegea. Maziwa ya mtindi huwasumbua kidogo kwa sababu bakteria wameshakula sehemu ya sukari hiyo. Ni rahisi mtu kulaumu andazi lililoliwa wakati shida ilikuwa kwenye chai.

Halafu yapo maradhi ya kawaida, ambayo katika mazingira ya Tanzania ni mengi kuliko siliaki. Vimelea vya giadia, vinavyoingia kwa maji yasiyochemshwa, huleta gesi, choo chenye harufu kali na kupungua uzito. Vinaweza hata kuharibu vile vijinyama vya utumbo na kuigiza siliaki. Minyoo ya safura hunyonya damu. Kichocho, amiba, vidonda vya tumbo, kifua kikuu cha tumbo na maambukizi ya VVU vyote huweza kujitokeza kwa kuharisha au maumivu yasiyokwisha. Metformini, dawa ya kisukari, huwaharisha baadhi ya watumiaji. Kipimo cha choo, kipimo cha wingi wa damu, kipimo cha VVU na mazungumzo ya kina na mganga kuhusu dawa zinazotumika hugharimu kidogo kuliko kuacha ngano kwa miaka bila sababu.

Nani ajaribu, nani asubiri

Jaribio la kuacha ngano linamfaa mtu mzima ambaye vipimo vyake vya siliaki vilifanyika akiwa anakula ngano, hana dalili za mzio, ameshapimwa choo na damu, na bado ana dalili zinazoelekea kufuata ulaji wa ngano. Kwake hatari ni ndogo na majibu yanaweza kumsaidia.

Asubiri yule mwenye dalili za hatari: damu chooni, uzito unaoshuka bila kukusudia, homa za mara kwa mara, kuamshwa usiku na kuharisha, upungufu wa damu usioelezeka, au shida ya tumbo iliyoanza baada ya umri wa miaka 50. Huyu anahitaji uchunguzi, na jaribio la chakula litamchelewesha tu. Asubiri pia yule ambaye vipimo vyake vina walakini, kwa sababu akiacha ngano sasa atafanya kipimo kijacho kiwe kigumu zaidi: atalazimika kuirudia kwa wiki kadhaa, na huenda akaumwa sana.

Watoto wasiachishwe vyakula kwa kubahatisha. Mjamzito naye ashauriane na kliniki kwanza, kwa kuwa unga wa ngano wa viwanda vikubwa nchini huongezwa madini ya chuma na asidi ya foliki, na akiuacha ni vyema apate virutubisho hivyo kwa njia nyingine. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini hubadilisha chakula pamoja na dawa, akiongozwa na daktari.

Kuna anayesema siliaki iwepo isiwepo ni mamoja, maadamu kuacha ngano kunampa nafuu. Tofauti ni kubwa. Mwenye siliaki haruhusiwi hata makombo, maisha yake yote. Ndugu zake wa damu wanashauriwa kupimwa. Mifupa yake na damu yake hufuatiliwa. Mwenye usikivu usio wa siliaki anaweza kula chapati nusu harusini asidhurike kitu, na baada ya muda anaweza kuongeza. Kutojua uko upande upi ni kujifunga bila sababu, au kujiachia penye hatari.

Namna ya kulifanya jaribio

Jaribio linalofaa lina mwanzo, mwisho na marejeo. Wiki moja au mbili za mwanzo mtu hula kama kawaida na kuandika kila siku alichokula na dalili alizopata, akizipa alama kuanzia 0 hadi 10. Daftari la shule linatosha. Bila kumbukumbu hizo hakuna cha kulinganisha, na kumbukumbu ya kichwani hupendelea lile ambalo mtu analitamani.

Kisha huacha ngano, shayiri na rai kwa wiki sita, huku mengine yote yakibaki kama yalivyokuwa. Asiache maziwa wiki hiyohiyo, asianze dawa mpya ya minyoo, asipunguze mafuta. Akibadilisha mambo manne kwa pamoja, nafuu ikija hatajua imetoka wapi. Kwa wengi wenye usikivu wa ngano, mabadiliko huonekana mapema, mara nyingi ndani ya wiki chache za mwanzo. Wiki sita zikipita bila tofauti ya maana, ngano haikuwa mkosaji na haina haja ya kuendelea kuachwa.

Nafuu ikija, kazi haijaisha. Ngano hurudishwa kila siku kwa wiki moja, na alama zinaandikwa tena. Hatua hii huchukiwa na wengi, kwani aliyepona hataki kuumwa tena, lakini ndiyo inayotofautisha athari ya ngano na nafuu iliyokuja yenyewe. Maradhi mengi ya tumbo hupanda na kushuka bila kujali chakula. Miongozo iliyoandaliwa na wataalamu waliokutana Salerno, Italia, na kuchapishwa mwaka 2015, inataka dalili zibadilike kwa walau asilimia 30 kati ya wiki ya gluteni na wiki isiyo nayo, mgonjwa akiwa hajui ni ipi.

Nyumbani sharti hilo la kutojua linaweza kutimizwa kwa kiasi fulani. Mwanafamilia hupika uji wa ulezi, ambao rangi yake huficha mengi, wiki moja akichanganya vijiko vichache vya unga wa ngano na wiki nyingine akiweka unga wa mchele. Mlaji huandika dalili bila kuambiwa. Daftari hufunguliwa mwishoni na wiki zikalinganishwa. Njia hii haitenganishi gluteni na fruktani, kwa kuwa ngano inabeba zote mbili. Kidokezo kilichomo daftarini ni kitunguu na maharage: kama navyo huleta gesi ileile, fruktani na jamaa zake ndizo za kushukiwa, na kupunguza kiasi kunaweza kutosha bila kuacha kabisa.

Chakula cha nyumbani na mitego yake

Mijini na ughaibuni, kuacha gluteni humaanisha kununua mikate na tambi maalumu kwa bei kubwa. Masukulu ni kinyume chake. Ndizi, viazi mviringo na vitamu, magimbi, mihogo, mchele, mahindi, ulezi, mtama, maharage, njegere, karanga, mayai, maziwa, nyama, samaki, mboga za majani na parachichi vyote havina gluteni. Ugali kwa maharage na mboga, au ndizi zilizopikwa kwa nyama na karanga, ni mlo kamili ambao haujawahi kuhitaji ngano. Anayekula hivyo hana sababu ya kununua chochote chenye maandishi ya nje.

Mitego ipo katika vitu ambavyo havitajwi kwa jina la ngano. Unga wa lishe hutengenezwa kwa mchanganyiko, na baadhi ya wachanganyaji huweka ngano au shayiri pamoja na mahindi, ulezi, soya na karanga, hivyo aulizwe aliyeuchanganya. Mashine ya kusaga inayosaga ngano huacha unga wake kwa mteja anayefuata. Kwa mwenye siliaki hilo ni kubwa, ila kwa anayefanya jaribio hili kiasi hicho kidogo si cha kuhangaikia sana. Vitumbua ni vya mchele, lakini wapo wapishi wanaoongeza ngano ili vishikane. Sambusa, kababu, tambi, biskuti, soseji na mchuzi wa soya huwa na ngano mara nyingi. Bia nyingi za viwandani hutengenezwa kwa shayiri, ilhali pombe ya kienyeji ya ulezi haina gluteni iwapo kimea chake nacho ni cha ulezi.

Msibani na harusini, ambako kukataa chakula huonekana dharau, inatosha kuomba wali au ndizi badala ya chapati. Ngano ni rahisi kuikwepa kwa heshima kwa sababu karibu kila shughuli ya Rungwe ina kitu kingine chunguni.

Kuamua baada ya daftari kufungwa

Aliyepata nafuu alipoacha, akaumwa aliporudia, na akapata nafuu tena, ana sababu ya kupunguza ngano. Atafute kiasi anachoweza kukivumilia, kwani wengi hawahitaji kuiacha yote, na ajaribu upya baada ya mwaka mmoja. Dalili mpya zikitokea, au ndugu wa damu akigundulika na siliaki, arudi kupimwa.

Ambaye hakuona tofauti ameondoa mshukiwa mmoja, na hilo nalo ni jibu. Arudi hospitali na daftari lake, kwa sababu wiki saba au nane za kumbukumbu zilizoandikwa humsaidia daktari kuliko maelezo ya dakika tano. Kwa wote wawili kanuni ni moja: ngano iachwe baada ya vipimo vilivyofanywa ipasavyo, kwa muda uliopangwa, na irudishwe angalau mara moja kabla ya kuhukumiwa.